Fundi Were na Kioo cha Gemu

Jirani yangu Maurine ndiye aliyeniambia kwamba fundi Were ana mkono mmoja uliokufa.

"Umewahi kumwona akifanya kazi nao?" aliniuliza tukianika nguo. "Wapi! Akifungua kitu cha stima, huo wa kushoto anauingiza ndani ya mshipi, unalala huko. Ati uliliwa na TV."

"Uliliwa na TV aje?"

"Mimi sijui, uliza TV. Na sasa ameletewa sanduku refu kuliko friji. Kutwa analizunguka, anainama, analichungulia, anarudi nyuma. Mama Joyline, mtu wa kawaida hunyemelea sanduku?"

Nilicheka, lakini sikuamini. Jumapili tu nilikuwa nimemwona fundi Were kwa mama mboga akichagua nyanya kwa mikono yote miwili, akizibonyeza taratibu kama anayepima mtoto homa. Mkono uliokufa hauchagui nyanya. Kwa hivyo nilibaki na swali langu: kama ni mzima, kwa nini unalazwa?

Pasi yangu ilikuwa imeanza kunitekenya vidole kila nikiishika. Nikamfunga Joyline mgongoni, nikaibeba mpaka chumba cha kwanza ukiingia getini, ambapo fundi Were anaishi na kufanya kazi. Ni mtu wa miaka hamsini na kitu, mwembamba, kwao ni Busia. Ploti yetu hapa Kabiria ina vyumba kumi na sita, na yeye alihamia kabla ya wengi wetu.

"Karibu, mama," alisema. "Lakini mtoto asivuke mlango."

Nikasimama kizingitini. Sanduku lenyewe lilikuwa kabati la mbao lililochorwa ndege za vita, rangi ya chungwa imepauka, na mbele lina tundu la kutumbukiza sarafu. Kioo chake kilikuwa kimetolewa, kimewekwa mezani kikiangalia ukuta, mgongo wake wazi: waya, vyuma, na shingo nyembamba ya kioo kama ya chupa. Mkono wa kushoto wa fundi ulikuwa mshipini kweli.

"Hii ni gemu ya zamani," aliniambia. "Ilikuwa tao, katikati ya jiji, kwenye ukumbi juu ya duka la viatu. Mimi mwenyewe nilikuwa nikizitengeneza, nikiwa kijana. Mwenye hii, Bwana Kihara wa Karen, alizicheza akiwa shule, sasa amezikuta tatu kwa stoo akazinunua. Anataka moja iwake kwanza. Anakuja Jumamosi."

"Na isipowaka?"

Aliipokea pasi yangu, akaigeuza. "Isipowaka nitafunga hii ofisi nirudi Busia nikapande mihogo. Miaka miwili sijawasha kioo cha namna hii, Mama Joyline. Natengeneza pasi. Natengeneza chaja. Mtu akiniletea TV ile ya mgongo namwambia spea hakuna." Akaiweka pasi kando. "Spea ziko."

Sikumuuliza zaidi siku hiyo. Niliuliza la mkono.

"Huu? Huu nimeupa likizo." Alicheka. "Hebu niambie, stima ikiingia kwa mkono huu itokee kwa ule, inapitia wapi?"

Nikatazama kifua chake.

"Eeh, hapo hapo. Sasa ukiwa mshipini hauwezi kujisahau ushike chuma."

Pasi ilikuwa na waya uliochubuka tu, akaimaliza kesho yake. Lakini nilirudi hata baada ya pasi kupona. Joyline alilala mchana, na mimi nilipenda kuona vile anavyofanya kazi. Hakuna kitu alichogusa bila kukisemesha kwanza, kama mtu anayekama ng'ombe mgeni. Kabla ya kuingiza kidole alichukua bisibisi ndefu yenye waya uliofungwa kwenye chuma cha kioo, akaipenyeza chini ya kofia nyekundu ya mpira iliyobandikwa juu ya kioo.

"Lakini fundi, haijachomekwa. Waya wenyewe ule hapo chini."

"Ndivyo kila mtu husema. Kioo kinaweka stima kama mtungi unavyoweka maji. Ukichomoa hujamwaga." Alisikiliza. Hakukuwa na sauti. "Leo ni mtupu. Lakini hata ukiwa mtupu, tunamwaga."

Jumatano alijaribu. Hakuichomeka ukutani moja kwa moja. Aliweka transfoma nzito, ya kutenganisha gemu na ukuta, kwa sababu hizi za zamani, alisema, hata chuma usichokidhania kinaweza kuwa na stima. Baada ya transfoma akaunganisha balbu ya wati mia, ya kawaida, kama ile ya nyumbani kwangu.

"Balbu ni ya nini?"

"Ni askari. Kukiwa na kitu kibovu kinachovuta stima yote, balbu itawaka vikali na gemu haitaungua. Wewe angalia balbu, usiangalie kioo."

Alitembea mpaka swichi ya ukutani kando ya mlango, akawasha, akarudi nyuma hatua mbili. Balbu iliwaka ikabaki inawaka, nyeupe kabisa. Alizima mbio kuliko nilivyotarajia. Paji la uso wake lilikuwa na jasho.

"Kuna mlevi humo ndani," alisema.

Alimpata Alhamisi asubuhi: kapasita moja, kikopo kidogo kama cha dawa, kimefura kichwa. Akakitoa, akapanda tao kutafuta kingine, akarudi nacho saa nane. Mara hii alipowasha, balbu ilimulika ghafla halafu ikafifia, ikafifia, ikabaki uzi mwekundu tu. Na ndani ya ile shingo ya kioo nikaona rangi ya chungwa, ndogo, kama kaa chini ya jivu.

"Fundi! Inapumua!"

"Naona." Lakini alizima. Akachukua bisibisi yake, akaipenyeza chini ya kofia. Tak! Cheche ya buluu. Nilirukia uani.

"Na ilikuwa imezimwa!"

"Si nilikwambia?" alisema, na kwa mara ya kwanza wiki hiyo alionekana kufurahi.

Kilichobaki kilikuwa kutoa balbu na kuwasha gemu kwa stima kamili. Hakufanya. Alifagia. Alipanga misumari. Alichemsha chai tukanywa, mimi nikiwa kizingitini na yeye akiwa ameketi juu ya mtungi wa gesi.

"Unaiogopa," nilisema. Nilijuta papo hapo. Yeye ni mtu mzima kwangu.

Hakukasirika. "Hapa hapa," alisema, akionyesha meza kwa kidevu. "TV ya mama mmoja wa Riruta. Tokeni za stima za ploti zikaisha nikiwa nimeifungua. Unajua vile mita yetu ni moja. Nikasema, stima hakuna ploti nzima, nichomoe ya nini? Nikaingiza mikono yote miwili. Ndegwa, mtunza ploti, akatoka dukani na tokeni, akabonyeza namba zake pale getini. Kosa si la Ndegwa. Yeye alileta stima, ndiyo kazi yake. Watu walishangilia ploti nzima, stima imerudi! Mimi niko chini, sina sauti. Kaindi, tuliyekuwa tukifanya kazi naye, ndiye aliyenichomoa. Sasa yuko kwao Machakos. Tangu hapo swichi yangu haiguswi na mtu. Nawasha mwenyewe, nazima mwenyewe."

Ijumaa saa nne nilimwachia Maurine mtoto.

"Unaenda kwa sanduku tena?" alisema. "Mama Joyline, likikumeza mimi huyu mtoto namlea, lakini sufuria zako pia nachukua."

Nilimkuta fundi Were ameshatoa balbu. Mbele ya kioo alikuwa amesimamisha kioo cha kujitazamia, ili akiwa nyuma aone picha itakavyotokea mbele. Ndani, mgongoni mwa kioo, kulikuwa na kifundo cha plastiki ambacho lazima kizungushwe gemu ikiwa inawaka, la sivyo picha haikai. Alijaribu kunyoosha mkono kutoka kwenye kifundo hadi swichi. Haukufika. Alisogeza meza. Waya wa transfoma haukufika. Alirudisha meza.

Aliitazama swichi, akanitazama mimi, akatazama nje getini kuliko na mita, akaitazama swichi tena. Nilikuwa karibu kumwambia amwite Ndegwa, nikafunga mdomo.

"Umevaa viatu?" aliuliza.

"Slipa."

"Za mpira?"

"Za mpira."

Alienda nyuma ya kioo, akapiga goti, akaweka vidole kwenye kifundo bila kukizungusha. Sikuona uso wake ila ndani ya kile kioo cha kujitazamia.

"Basi simama hapo kwa swichi, Mama Joyline," alisema. "Nikisema washa, washa. Nikisema zima, zima. Na nikinyamaza, tafadhali, usinishike, usiniite jina. Zima tu."