Nilichokisikia Ndani ya Magunia ya Dada

Natengeneza redio pale Majengo, na hesabu nimejifunza peke yangu, kwanza kwa vitabu vya mitumba, baadaye kwa simu. Iliyonishika zaidi ni ile ya mambo yanayoonekana fujo kumbe yana kanuni. Nilitaka kuitumia kumsikiliza dumuzi, yule mdudu mdogo anayetoboa punje za mahindi na kuacha unga.

Njia yenyewe ni hii. Unarekodi mdudu akitafuna, kisha unapima muda kati ya kila mlio na mlio unaofuata. Unachora nukta moja: muda huu kwa upana, muda unaofuata kwa urefu. Unasogea mbele, unachora nyingine. Milio ikitokea kiholela, nukta zinatawanyika kama ulezi uliomwagika. Ikiwa na kanuni, zinakusanyika na kufanya umbo. Nilimfungia dumuzi mmoja kwenye kopo lenye punje chache, na nukta zake zikachora upinde. Nilirudia mara kumi na moja kabla ya kuamini.

Mwezi wa tisa nikaenda kwa dada yangu, kijiji kimoja mbele ya Mwimbi. Ni mjane, analea wajukuu wanne, na chakula chao chote hadi mavuno kilikuwa magunia manane ya mahindi chumba cha nyuma. Alikuwa ameona vitundu kwenye punje kadhaa. Basi akapika pombe ya ulezi na kualika majirani Jumamosi, wamwage magunia yote, wapepete, waanike, wachanganye dawa upya. Nikamwomba anipe siku moja nisikilize kwanza.

Nilifunga maikrofoni kwenye kijiti, nikakizamisha katika kila gunia kwa nusu saa. Jirani aliyekuja kuazima ungo akasimama mlangoni akinitazama.

“Fundi, yanasemaje? Yameshiba au yanalia njaa?”

Dada akacheka. Mimi niliomba kimya.

Milio ilikuwapo, tena mingi. Lakini nukta zilitawanyika, gunia baada ya gunia, bila upinde hata mmoja. Nikahitimisha kwamba ni punje tu zinazojipanga joto linapobadilika, kwa kuwa mdudu ana kanuni na milio hii haikuwa nayo. Nilimwambia dada kwamba vitundu vile ni vya zamani.

“Una hakika, mdogo wangu? Watu nimeshawaita.”

“Nina hakika.”

Majirani wakaja, wakanywa pombe, wakamtania kwamba ameyafanyia magunia harusi, wakaondoka bila kufungua hata moja.

Kosa nililigundua mezani kwangu, mwezi wa kumi na moja. Nilitaka kujua njia yangu inaweza kutambua wadudu wangapi, nikatia dumuzi wanne kwenye kopo moja. Upinde ukapotea. Kila mmoja alikuwa na kanuni yake, lakini milio ilipochanganyika nilikuwa napima muda kati ya mtafuno wa huyu na mtafuno wa yule. Nukta zilizotawanyika hazikuwa na maana kwamba hawapo. Kesho yake alfajiri nilikodi pikipiki kwenda kwa dada.

Mvua ilikuwa imeshaanza. Gunia la kwanza nililolinyanyua lilikuwa jepesi, na likavuja unga kwenye mshono. Majirani walikuwa mashambani wakipanda, hakukuwa na wa kumwita, wala jua la kuanikia. Tulipepeta sisi wawili kwa siku tatu, ndani, tukiwa tumefunga vitambaa puani. Kati ya magunia sita ambayo dada na wajukuu walikuwa hawajayala, tuliokoa matatu.

Nilimweleza, nikichora nukta nyuma ya kalenda ya kanisa. Alisikiliza hadi mwisho.

“Kwa hiyo walikuwa wengi mno, ndiyo maana ukasema hawapo.”

Nikasema ndiyo. Hakuniuliza tena juu ya hesabu.

Yeye alipiga ya kwake kwa vidole: kwa midomo mitano, magunia yale yasingevuka mwezi wa pili. Kisha akafunga nguo za wajukuu wawili wadogo, ambao hawajaanza shule, kwenye mfuko mmoja. Hakuniuliza kama nitaweza. Alisema wakae kwangu mpaka mahindi mabichi yatoke, na kwamba yule mdogo hali dagaa, nisimlazimishe. Kwenye pikipiki nilimweka mdogo mbele yangu. Mkubwa alikaa nyuma, akiita bibi yake mpaka tukaifikia barabara kuu.