Katuni ya Meli za Angani kwa Cucu

Nikisikia njahi, yale maharagwe meusi, zikichemka hapa Gatongora, naichukia ile katuni upya. Tuliiangalia kwa nyanya yetu, cucu, tukichambua njahi. Kaka aliipenda kama nini. Mimi niliona nahodha mzee na watu wake wakihutubiana tu, huku meli zikilipuana angani.

“Hawa huwa wanapikiwa na nani?” cucu akauliza.

“Cucu, si unyamaze!” kaka akafoka.

“Ati ninyamaze? Kwa nyumba yangu?”

Akachomoa waya wa runinga. Kaka akabamiza mlango, akaenda bila kula. Cucu akafunika sahani ya kaka kwa nyingine, akakaa akitazama kioo cheusi.

“Yule mzee wa meli,” akaniuliza polepole, “alifika kwao?”

“Alifika, cucu,” nikasema. Hata sikuwa nikiiangalia.