Kikohozi cha Isidori

Anayekohoa hapandi gari. Sharti hilo alilitoa Mektilda mwenyewe, akiwa mwenyekiti wa jumuiya yao kule Maguu, mwaka ule wa corona, wakati ilipobaki Noah moja tu ya kwenda Mbinga mjini na abiria walikaa wakitazamana kama wezi. Siku jirani yao Tadei alipobanwa na kikohozi kwenye kiti cha nyuma, Mektilda ndiye aliyemwamuru ashuke. Abiria wengine wakamsindikiza kwa vicheko.

"Kakohoe shambani, Tadei! Mibuni haina mapafu!"

Corona ikapita. Barakoa zikatupwa, ndoo za kunawia zikarudi kuchotea maji, lakini sharti likabaki. Wenye vikohozi wakazoea kukaa nyumbani na kujifukiza nyungu, na hakuna aliyejua ni wangapi hawakufika hospitali. Mektilda alijivunia jambo moja: hakuwahi kumpendelea mtu.

Kisha mumewe Isidori akarudi kutoka Ngaka, alikokuwa kibarua wa makaa ya mawe, akiwa na kikohozi. Mwezi ukaisha kikiwa hakijakoma. Akawa anaamka ameloa jasho, na suruali zikaanza kumpwaya. Asubuhi moja akavaa koti lake la Jumapili, akamfuata mkewe hadi barabarani.

"Shikamoo, mama mwenyekiti," alisema Glorious, dereva wa Noah. "Mpandishe mzee. Corona ilishakwisha, nitafungua madirisha yote."

"Marahaba. Hapandi."

"Mama, si mumeo huyu?"

"Ndiyo maana hapandi. Tadei nilimshusha mbele za watu. Leo nikimpandisha wangu, nitamtazamaje kanisani?"

"Si umwombe tu msamaha Tadei, sote tupande?" Isidori alisema, akajaribu kucheka, kicheko kikageuka kikohozi. Ndani ya gari mtu akavuta kioo cha dirisha, akakifunga.

Mektilda akamshika mumewe mkono, wakarudi nyumbani. Kukiri mbele ya majirani kwamba sharti limepitwa na wakati kungetosha. Hakukiri.

Badala yake akachemsha majani ya mkaratusi na malimao kwenye chungu, akamfunika Isidori blanketi zito. Mjukuu wao Winifrida alikuwa na mafua, naye akaingizwa humo humo, ili chungu kimoja kiwaponye wote wawili. Ikawa hivyo kila jioni: babu akimkoholea mtoto usoni, na Mektilda akikandamiza pindo za blanketi kwa nje, mvuke usitoroke.

Isidori alipotema damu, walimkimbiza hospitali kwa pikipiki.

"Ni kifua kikuu," daktari alisema. "Dawa zipo, na ni bure. Mlikuwa wapi siku zote, mama?"

"Usafiri, daktari," Mektilda alijibu, macho yakiwa sakafuni. "Hatukuwa na usafiri."

Isidori alikufa juma lile lile.

Baadaye Winifrida akaanza kulalamika mgongo. Akawa hainami kuokota kitu ila kwa kuchuchumaa. Safari hii Mektilda alimpeleka hospitali siku ile ile alipoliona hilo, lakini kifua kikuu cha babu kilikuwa kimekwisha kula mifupa ya mgongo wake. Dawa zimemponya, mgongo wake umebaki na kibyongo. Sharti la Mektilda lilimpotezea mume, na likampotezea mtoto wa miaka mitano uwezo wa kusimama wima maisha yake yote.