Sweta la Sufu

Pumu ya ngozi ilinianza kabla sijaota jino. Ilianzia mashavuni, yakawa mekundu na kutoa majimaji, hata kanisani watu wakamuuliza mama kama ameniunguza na uji. Nilipoanza kutembea ikahamia kwenye viwiko na nyuma ya magoti. Kufikia darasa la tatu ngozi ya hapo ilikuwa ngumu na nyeusi, na hakuna aliyetaka kukaa nami dawati moja.

Njombe ni baridi, na bibi mzaa baba, tuliyeishi kwake, alikuwa hodari wa kufuma. Alifumua masweta ya sufu ya mitumba na kunifumia mengine, ya kubana shingo na mikono. Nikilia kwamba sweta linawasha, mama alinipaka mafuta ya mgando, kisha akanivalisha lilelile.

Aliniambia nivumilie, nikikua itakwisha. Nilimwamini mama kuliko nilivyomwamini mchungaji.

Na kweli, nilipokwenda sekondari ya bweni ikapungua. Wote wakajisifu: si tulikuambia? Siku hizi imebaki vidoleni, nikifua sana.

Mwaka jana nilimpeleka mwanangu mchanga kwa mama, ambaye sasa anaishi Makambako, ili anilelee nikirudi kazini Njombe. Mashavu ya mtoto yalikuwa yameanza wekundu ninaoujua. Alikuwa amevaa sweta la sufu alilofumiwa na wifi yangu. Mama alimpokea, akamtazama, na kabla hata ya kunikaribisha chai akamvua.

"Huyu asivae sufu," alisema. "Inachochea. Nesi wa kliniki aliniambia tangu wewe ukiwa mchanga."

Nilidhani sikusikia vizuri. Nilimuuliza kwa nini basi mimi aliniacha nivae. Akasema bibi angeudhika. Yeye alikuwa mkwe mgeni kwenye nyumba ile, na bibi hakuwa mtu wa kukataliwa kitu chake.

"Mtoto hafi kwa kuwashwa, mwanangu. Ndoa inakufa."

Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema. Mimi hata sikuhitaji kufafanuliwa. Najua sufu haikuniletea ugonjwa, ningeugua tu. Ukwe pia naujua, ninao. Lakini utoto wangu wote nilidhani tuko wawili, mimi na mama, tunapambana na kitu kimoja. Kumbe mwenzangu alikuwa anajinunulia amani, na aliyelipa ni mimi. Iliniuma kuliko kidonda chochote nilichowahi kujikuna.

Mama alikuwa amempakata mjukuu wake, akimpangusa mashavu kwa kitambaa laini, kwa upole ambao nilikuwa naujua vizuri sana. Akaniuliza kama nitamwachia kuanzia Jumatatu.

"Na bibi angekuwa hai," nikamuuliza, "leo ungemvua?"

Aliendelea kumpangusa mtoto. Nikamchukua mwanangu mikononi mwake, tukarudi Njombe.