Mama anasikia moto, mimi nasikia kompyuta

Admin, nifichie jina, kuna majirani wanaosoma ukurasa huu na kumhadithia mama. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na moja. Naishi na mama hapa Iftin, Garissa, na kazi yangu ni kuchapia watu barua.

Marehemu baba alikuwa mfanyabiashara wa ngamia huko Diff. Hakujua kuandika na mama hajui kusoma, kwa hiyo alimtumia kaseti za sauti yake, kama familia nyingi za huku zilivyofanya zamani. Imebaki moja, na mama hakuwa ameisikia tangu redio yake ilipokufa miaka mingi iliyopita. Mwezi jana niliazima redio ili niihamishie kwenye kompyuta yangu ya Linux. Utepe umekauka. Ulipomalizika tu redio iliumeza, nikauchomoa polepole kwa kalamu.

Sauti ikatoka na mikwaruzo. Kaka yangu aliye Nairobi akanicheka kwenye simu: "Abaayo, dada yangu, hiyo mashine yako inamkaanga mzee."

Mimi nikianza jambo situlii. Nilibadilisha waya, kisha spika, kila jaribio nikiliandika kwenye shajara. Mwishowe niligundua kompyuta ilipewa muda mfupi mno wa kushika sauti kabla ya kuipitisha. Nikauongeza. Kisomo cha Kurani nilichokuwa nacho kwenye kompyuta kikatoka safi. Baba akaendelea kutatarika, nikajua mikwaruzo iliingia nilipokuwa naihamisha kaseti.

Ndipo mama akaingia na chai, akasimama, kisha akakaa chini karibu na spika.

"Yuko kwenye moto," akasema. "Kuni za mgunga hizo."

"Hooyo, hiyo ni..."

"Nyamaza. Anaongea na mimi."

Sasa kila baada ya Alasiri anakaa pale. Humkanya baba kabisa: "Sogea wewe, utaunguza kikoi." Majirani wameshaambiwa mzee anaota moto.

Nilirekodi sauti yangu kwa mpangilio ule wa kwanza, chumbani, bila jiko wala kuni. Ikatatarika vilevile. Sijamwambia.

Kaka anakuja Idd. Anataka nirudie kurekodi, watoto wake wamsikie babu yao vizuri. "Utamwachia mama kelele za mashine?" ananiuliza. Utepe ukikatika, nitakuwa nimeua sauti halisi ya baba. Ukipona, watoto wataisikiliza mbele ya mama, naye atatafuta moto asiuone.

Nilidhani nitanyamaza tu hadi Idd ipite. Lakini jana mama alikuja mwenyewe na kaseti imefungwa kwenye leso, akaiweka mbele yangu.

"Irudie, mwanangu. Huenda safari hii moto ukasikika vizuri zaidi."

Iko hapa mezani ninapoandika. Wenzangu mliozika wazazi, niambieni: nimwambie ukweli, niirudie, au nimrudishie leso yake? Nifanye nini?