Isale Lililobaki Houston

Zamani Wachagga wa Dallas wakimtaja Prudensia Kimario walisema mambo mawili: hajawahi kuchelewa zamu, na simu yake ukiipiga utachoka wewe. Miaka kumi na moja alikuwa muuguzi, amewageuza vitandani wazee wa watu, amewalisha uji, amewafumba macho. Lakini simu yake ililala kifudifudi ndani ya droo, na ukitaka kumpata umfuate kanisani au kwake Grand Prairie. Waliomjua juujuu walidhani ni maringo. Hayakuwa maringo, ulikuwa woga, na woga huo ulikuwa na jina: Yasinta.

Yasinta alikuwa mdogo wake, tumbo moja, wawili tu. Waligombana mwaka 2014, mama yao alipofariki huko Kibosho. Makaratasi ya Prudensia yalikuwa yamekwama uhamiaji, na angetoka Marekani asingerudi. Akabaki. Siku ya matanga Yasinta alimwambia kwenye simu, waombolezaji wote wakisikia, "Mama amekufa akiuliza kila gari linaloingia kama ni lako." Lilikuwa kweli, na ndiyo maana liliuma. Tusi unaweza kulirudisha kwa tusi, ukweli utaurudisha na nini? Prudensia akakata simu, na tangu siku hiyo hakupokea tena.

Miaka miwili ikaenda hivyo. Mwishoni mwa 2016 Yasinta akaanza kupiga mfululizo. Prudensia alikuwa akiona jina likiwaka na kuzimika, akijiambia kwamba anayetaka kuomba radhi aandike. Siku moja alipigiwa mara kumi na saba akiwa anagawa dawa wodini. Ndiyo siku aliyoigeuza simu kifudifudi. Baada ya siku tisa binamu yao akaleta ujumbe: Yasinta amekwenda, saratani ya shingo ya kizazi, waliichelewa. Fikiria hilo, wewe unayesoma. Muuguzi wa miaka yote ile! Angepokea simu moja, angeuliza maswali mawili tu, angejua, na angempeleka hospitali kwa kelele kutoka huko huko Texas.

Yasinta aliacha watoto wawili. Kezia alikuwa na miaka mitano, Vicent bado anabebwa mgongoni. Baba yao alishakufa kwa ajali ya pikipiki. Prudensia hakushauriana na mtu, alisema watoto ni wake. Na kweli, kwetu dada wa mama ni mama, hakuna hakimu anayeulizwa. Lakini Marekani haimjui mama mkubwa, inamjua mama mwenye karatasi. Ikabidi kuwaasili mahakamani: alama za vidole, ustawi wa jamii, mama mmoja wa Kizungu kuja Grand Prairie kupima dirisha la chumba cha watoto kama wanaweza kutoka moto ukiwaka. Ilichukua karibu miaka miwili. Julai 2018 viza zikatoka, na Prudensia, ambaye makaratasi yake yalikuwa yameshanyooka, akaenda Kibosho kuwachukua.

Siku ya kufunga mizigo, ndugu walileta mapenzi yao kama ilivyo ada: ndizi kavu, unga wa ulezi, parachichi, kahawa mbichi. Prudensia aliyarudisha yote. Aliwaambia Houston kuna mbwa wanaonusa hata mawazo, na hawezi kuhatarisha safari ya watoto kwa parachichi. Alipekua sanduku moja baada ya jingine, akatoa hadi mbegu za maboga zilizosahauliwa kwenye mfuko wa gauni. Kezia alikaa kitandani akimtazama. Alikuwa na miaka saba sasa, mtoto wa maneno machache, anayemwita "mama mkubwa" kwa adabu ya mgeni anayeagiza chai. Alipoona kila jani na kila punje inatolewa, alitoka kimya kwenda kuomba sindano na uzi kwa jirani. Hakuna aliyemuuliza wa nini.

Safari ilikuwa ya ndege mbili na saa ishirini na sita. Vicent alitapika mara mbili, na kila uwanja aliuliza kama hapa ndipo kwa mama. Prudensia alikumbatia bahasha kubwa ya ubalozi, iliyofungwa kwa gundi, ambayo haifunguliwi na mtu ila afisa wa mpakani. Hakuiachia hata chooni. Hakuona ajabu kwamba Kezia hakumwacha mdogo wake avue sweta, ingawa mtoto alikuwa akitiririka jasho.

Houston walifika saa saba mchana. Afisa wa uhamiaji akachana bahasha, akasoma, akagonga mihuri, akawakaribisha watoto nyumbani kwa sauti ya mtu aliyesema hivyo mara mia leo. Prudensia alikuwa tayari amemaliza, alikuwa anasubiri sanduku la tatu tu, pale mbwa mdogo mwenye kifulana alipopita, akamnusa Vicent, kisha akaketi miguuni pake. Vicent akacheka, akataka kumshika masikio. Mbwa wale wakiketi hawaketi kupumzika.

Afisa aliyekuja alikuwa mwanamke mtu mzima, mpole, mwenye glavu za buluu. Ndani ya sweta, mgongoni, alikuta kipande cha kanga kilichoshonewa kwa uzi mweupe, mishono mikubwa iliyopinda ya mkono wa mtoto. Akakifumua. Ndani yake mlikuwa na jani refu, limekauka rangi ya ugoro, limefungwa fundo katikati.

Isale. Mchagga hahitaji kuelezwa, lakini kwa asiye wa huko: aliyekosa huchukua jani la isale, akalifunga fundo, akalipeleka nyumbani kwa aliyemkosea na kumshikisha mkononi. Akishindwa kwenda, hutuma mtu. Na anayeletewa hana hiari. Awe ameibiwa, awe ametukanwa, hata awe amemwagiwa damu ya nduguye, isale likifika mlangoni pake atasamehe. Kulikataa ni kujitafutia laana, wewe na uzao wako. Prudensia alilitambua kabla kanga haijafunguka yote. Alimtambua na aliyelifunga, kwa sababu fundo lililalia kushoto, na Yasinta alikuwa wa mkono wa kushoto tangu utotoni, akipigwa kwa hilo na akikataa kubadilika.

Afisa akauliza hiki ni nini. Prudensia alikumbuka fomu aliyoijaza kwa kujiamini, kisanduku cha mimea alichotia alama ya hapana. Alikumbuka kwamba mihuri ya watoto haijamaliza hata nusu saa kukauka. Afisa, kwa upole uleule, akauliza mara ya pili kama kina maana yoyote kwa familia. Pale ndipo mahali pa kusema. Hata kama lingechukuliwa, lingechukuliwa kwa jina lake.

Prudensia akatikisa kichwa. Akajibu kwa Kiingereza kwamba si kitu, ni jani tu, mtoto alikuwa akilichezea.

Akaonywa asirudie, hakutozwa faini. Jani likatiwa kwenye mfuko, mfuko ukafungwa, ukaenda zake kuchomwa. Kezia hakujua Kiingereza, lakini kichwa kinachotikiswa hakihitaji mkalimani. Hakulia. Prudensia angetoa chochote mtoto yule alie, maana aligeuza shingo taratibu na kumtazama kwa macho yale yale ya Yasinta, na hakuyaondoa.

Nje alikuwa anasubiri Gakii, Mmeru wa Kenya, muuguzi mwenzake, aliyeendesha gari kutoka Grand Prairie ili watoto wasipande ndege ya tatu. Aliwabusu wote, akalalamika kwamba parking imemkaanga, akawafunga kwenye viti vya watoto alivyokopa kwa watu wa kanisani. Mpaka wanaiacha Houston nyuma na kushika barabara ya kaskazini, alikuwa ameshasimulia habari za wodi nzima. Alisema nyumba iko sawa, ame-clean, na lile ua la sebuleni amelimwagilia kila Jumapili ingawa haoni faida yake, halichanui.

Prudensia aliitikia tu. Alikuwa akiangalia kioo kidogo cha kwenye kikinga-jua, juu ya kiti chake. Vicent amelala mdomo wazi. Kezia yuko macho, na kila Prudensia alipoinua uso alimkuta Yasinta wa miaka saba ameketi kiti cha nyuma, mikono imepakatwa, akisubiri jibu. Alikigeuza pembeni kioo kile kwa kisingizio cha jua.

Simu ikaita ndani ya mkoba wake. Bila shaka ni watu wa Kibosho, wakitaka kujua kama wamefika salama. Akauacha mkoba umefungwa, kama alivyozoea.

"Moja," Kezia akasema huko nyuma, kwa sauti ndogo. "Mbili. Tatu. Nne."

"Unahesabu nini, mrembo?" Gakii akauliza.

"Naihesabu inavyoita. Tulikuwa tunahesabu na mama. Ikifika tisa inakatika."

Ikafika tisa, ikakatika.

Huntsville walisimama kujaza mafuta. Gakii alipoingia dukani, Prudensia alipiga magoti kando ya mlango wa nyuma, lami ikimchoma, akamuuliza Kezia mama yake alisema nini siku alipompa jani lile. Alikuwa amejiandaa kwa lolote. Njia nzima alikuwa ameyatunga maneno yenyewe: umeniua, ulimwacha mama, umeniacha na mimi. Alitaka ayasikie yaishe.

"Alisema nisikwambie njiani," Kezia akajibu. "Nikwambie kwako, mlangoni, nikiwa nimekushikisha. Sasa sina cha kukushikisha."

Prudensia alilia kwa sauti pale kituoni, watu wakipita na mifuko yao ya barafu. Hakuwa amelia hivyo msiba wa mama wala wa Yasinta.

Walifika Grand Prairie saa mbili usiku, na jua la Julai bado lipo, limekataa kutua. Gakii akambeba Vicent ndani. Kezia aliteremka, akatembea mpaka kizingitini, akasimama. Prudensia akamwambia karibu mwanangu, hapa ni kwenu. Mtoto akatikisa kichwa, vilevile kama alivyoona kikitikiswa Houston. Aliyetumwa kupeleka isale haingii mikono mitupu. Nani alimfundisha? Amezaliwa huko, ameona.

Basi Prudensia akaingia peke yake, akalikumbatia lile ua alilomwagilia Gakii, na chungu chake, akaliburuta hadi mlangoni. Alilinunua duka la vifaa vya ujenzi mwaka aliohamia, lina kibandiko cha jina la Kizungu linalolifananisha na mahindi. Nenda nyumba yoyote ya Mchagga kuanzia Mansfield hadi Richardson, utalikuta, na mwenyewe atakwambia ni pambo. Si pambo. Ni isale, na kila mmoja wetu anajua alilinunua kwa nini, ingawa wazee wetu wangecheka kusikia kuna isale la dukani lenye bei.

Kezia alilitazama muda mrefu. Alilinusa. Akachagua jani la chini, akalikwanyua, akalifunga fundo kwa vidole vyake vidogo, na fundo likalalia kushoto. Kisha akasimama wima kama mtu anayesoma somo kanisani, akamshikisha Prudensia mkononi.

"Mama anasema: dada, nisamehe. Nilikusumbua kwa simu ukiwa kazini."

Hayo tu. Hakuna umeniua, hakuna umeniacha. Mgonjwa wa kufa, amelala na maumivu yale ambayo Prudensia anayajua kwa majina na kwa dozi, na alichoomba radhi ni kwamba alipiga simu mara nyingi.

Prudensia alifungua mdomo aseme hapana, mimi ndiye, mimi ndiye niliyekosa. Lakini mila haimpi anayeletewa isale maneno hayo. Inampa neno moja. Kezia alikuwa anamsubiri alitamke, kwa sababu alitumwa kulileta jambo hilo akalibeba miaka miwili, na bila neno hilo asingeingia ndani.

"Nimesamehe," Prudensia akasema.

Kezia akavua viatu, akaingia, akaomba maji.

Na hilo ndilo limemkalia Prudensia mpaka leo. Amemsamehe asiye na kosa. Mwenye kosa ni yeye, na nyumba ya kupeleka isale lake haipo, mwenyewe yuko chini ya migomba ya Kibosho. Lile jani amelibandika ukutani jikoni, limekauka nalo rangi ya ugoro, na anapolipita huweka mkono kifuani.

Simu yake siku hizi imelala juu ya meza, uso juu. Anaipokea akiwa na povu la sabuni mikononi, akiwa kwenye kijiko cha mwisho cha chakula, anawapokea hata wauza bima wasiomjua. Watu wa Dallas wanasema watoto wamemtengeneza. Hawajui kwamba Kezia, chumbani mwake, mlango ukiwa wazi, akisikia simu inaita huacha anachokifanya na kuanza kuhesabu. Tangu siku ile hajawahi kufika mbili.