Mche Kutoka Nyumbani

Harufu ya tangawizi mbichi, ile inayotoka udongo ukiwa bado umeng'ang'ania mizizi, hunirudisha kijijini kwetu Mamba, mlimani, mwaka nilioanza darasa la kwanza. Ilikuwa kila mahali: kwenye magunia, kwenye kanga za bibi, hata kwenye makande, maana mikono iliyopika ndiyo iliyochimba. Kwangu ilikuwa pia harufu ya mama. Baba alifariki nikiwa mchanga, na msimu mmoja wa mavuno mama alijitwika furushi la tangawizi akateremka Ndungu, bondeni, kuuza, asirudi. Wapo waliosema anapandikiza mpunga kwenye mashamba ya watu, na wapo waliosema ameshapata nyumba nyingine huko. Wanawake walishusha sauti nilipopita. Bibi, mama yake baba, hakushusha ya kwake. "Maji yakimwagika hayazoleki," alisema, na mazungumzo yakaishia hapo. Mimi niliendelea kuzoa. Kila jioni nilikaa kwenye jiwe kando ya njia itokayo bondeni, nikimkagua kila mwanamke aliyekuwa akipanda mlima.

Nyumbani tulizungumza Chasu tu, lugha ya kwetu; Kiswahili nilikutana nacho darasani. Mwalimu wetu alitoka mbali, pande za ziwa, na Chasu hakukijua kabisa. Tulijifunza a, e, i, o, u kwa kuimba, tukahesabu kwa visoda, tukazoea kubanana kwenye dawati bila kusukumana. "Shikamoo mwalimu" tuliisema kwa pamoja hadi mabati yakavuma. Sentensi yangu ya kwanza kamili ilikuwa "Mwalimu, naomba ruhusa nikajisaidie," kwa sababu aliyeshindwa kuisema alijikojolea palepale, na jina la utani lilimfuata hadi Kipaimara. Samaki mkunje angali mbichi, wazazi walimwambia mwalimu, naye alikunja kwelikweli. Siku niliyochapwa kwa kuja na kucha ndefu, mama mmoja aliyekuwa akipita uwanjani alisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Methali ile niliichukia, na mpaka leo naichukia.

Masika yalipoanza, mwalimu alitutangazia: "Keshokutwa kila mtoto aje na mche kutoka nyumbani kwao. Asiye na mche asije." Sasa, kwa Chasu mche ni mwanamke. Wenzangu walikuwa na kaka na dada madarasa ya juu, wakaelezwa kwamba unatakiwa mti mdogo wa kupanda. Mimi sikuwa na wa kunieleza. Nilikimbia hadi nyumbani, nikamwambia bibi kwamba shule inamtaka mche wa nyumba yetu, la sivyo nisiende tena. Kiswahili cha bibi kilikuwa cha kanisani tu, na shule aliiogopa kama alivyoiogopa serikali. Aliacha kukwangua tangawizi, akajitazama miguu. Miguu yake ilikuwa imevimba, isingeweza kukipanda kile kilima cha shule. "Mche wa nyumba hii ni mama yako, na aliko panajulikana," akasema. Kesho yake ilikuwa siku ya soko, akamtuma jirani yetu, Mama Elieza, ashuke Ndungu na ujumbe kwa mama. Usiku ule sikuomba kingine kwa Mungu. Nilijua kwamba wito wa bibi mama angeweza kuukataa, lakini wa shule hakuna aliyeukataa.

Na kweli mama alikuja. Alitokea kwenye ukungu wa asubuhi, kwenye pindo za kanga nisiyoijua kukiwa na matope makavu ya majaruba ya mpunga.

"Shikamoo, mama," alimwambia bibi akiwa bado uani.

"Marahaba. Shule ndiyo iliyokuita. Mimi sikukuita."

Hakukaribishwa hata chai. Tukaanza kupanda kilima kwenda shule, mkono wangu ndani ya wake, nami nikirukaruka kwa furaha. Katikati ya njia akaniuliza, "Namkunda, hebu sema kama alivyosema mwalimu. Kwa Kiswahili chake." Nikaikariri ile sentensi neno kwa neno. Mama akasimama. Huko Ndungu, walikochanganyika watu wa kila kabila, alikuwa ameshakijua Kiswahili vizuri, jambo nililokuja kulitambua ukubwani. Angeweza kugeuka palepale. Alifunga kanga yake upya, akainama kando ya mfereji, akang'oa mti mdogo pamoja na udongo wake, akauficha ndani ya kanga. Kisha akanishika tena mkono.

Uwanjani wenzangu walikuwa wamepanga mstari na miche yao kwenye makopo na magome ya mgomba. "Wewe, mche wako uko wapi?" mwalimu aliuliza. Niliuinua mkono wa mama juu kadiri nilivyoweza. "Huyu hapa, mwalimu!" Shule nzima iliangua kicheko, na mwalimu mwenyewe, alipoelezwa maana ya mche kwa Chasu, akacheka hadi akavua miwani. Nilitamani ardhi ipasuke. Mama akautoa ule mti. "Msimcheke," alisema kwa Kiswahili. "Ameleta miche miwili."

Tukapewa shimo. Mwalimu alizunguka akieleza, na watoto wakubwa wakitafsiri, kwamba mche ukifukiwa vizuri na udongo ukashindiliwa, unashika mizizi, hauondoki tena. Niliyasikiliza maelezo yale mpaka mwisho. Mama alikuwa amesimama kando ya shimo, miguu peku. Nikauacha ule mti, nikaanza kufukia miguu yake. Nilivuta udongo kwa mikono yote miwili, nikaushindilia kwa viganja, nikavuta tena. Watoto walicheka upya. Mama hakucheka. Aliniacha nifukie hadi vifundoni.

"Basi, mwanangu."

"Mama, usitoke."

Akatoa mguu mmoja, halafu wa pili. Akaiosha mferejini, akateremka Ndungu bila kupitia nyumbani. Sikumwona tena. Miaka kadhaa baadaye habari za kifo chake zilipanda mlima pamoja na watu wa soko, akiwa ameshazikwa.

Siku hizi naishi Same mjini, na binti yangu yuko darasa la kwanza. Ana dawati lake na chupa yake ya maji, na maagizo ya shule huja kwenye simu yangu. Juzi uliingia ujumbe: wazazi, kesho kila mtoto alete mche. Binti yangu hawezi kukosea kama nilivyokosea, kwa sababu Chasu sikumfundisha. Nilimnunulia mche mzuri kwenye kiriba cha plastiki, pale wanapouza kando ya barabara kuu, naye akataka kujua kwa nini nalia juu ya mti. Shule ilimwita mama yangu bila kujua, akaja, akapanda hadi juu hata alipojua kwamba si yeye anayetakiwa. Nyumbani, tulikojua kwamba mche ni mwanamke, hakuna aliyemwita.